Nimemwambia mke wangu ana macho kama ya ng'ombe, ni sifa au tusi? Njooni mtoe hukumu

Mhangaza wa Tanga (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni msome mpaka mwisho ndo mtukane.

Mimi ni mtu wa Ngara, Kagera, ukivuka Kabanga tu upo Burundi. Nimeoa Tanga mjini. Kazi ndo ilinileta huku, mke nimempata huku huku, na sina mpango wa kuhama maana huku wanajua kupika. Sasa juzi mama watoto yupo mbele ya kioo anajipaka wanja tunajiandaa kwenda harusini, akageuka akaniangalia na yale macho yake makubwa meusi yenye kope ndefu, mapenzi yakanipanda nikasema yani we mwanamke una macho mazuri kama ya ng'ombe. Basi. Harusini nilienda peke yangu na mpaka naandika hapa chakula naletewa na mtoto, "mpelekee baba yako".

Nimejaribu kumweleza haelewi. Kwetu ng'ombe sio mnyama wa kutajwa hovyo. Nenda Ngara, vuka Burundi, vuka Rwanda, binti mzuri anaambiwa ana macho ya ndama, amaso y'inyana, na akiambiwa hivyo anaangalia chini huku anatabasamu. Hata salamu ya heshima kule, amashyo, mtu anakuombea makundi ya ng'ombe, na wewe ukijibu unamrudishia ng'ombe vile vile. Sasa mimi nimetoa kitu cha thamani kuliko vyote tulivyonavyo nimempa mke wangu, eti nimemtukana.

Na kinachoniuma zaidi, huyu huyu mashosti zake wakimwandikia kwenye picha "shingo ya twiga hiyo jamani" anawarudishia vikopa. Twiga! Mnyama ana ulimi mweusi karibu nusu mita anautumia kujisafishia pua. Huyo ndo sifa, ila ng'ombe anayetupa maziwa ndo matusi?

chuma_cha_Makorora

Mkuu ungesema ndama ungepona. Ng'ombe na ndama hata mnadani bei tofauti.

Mhangaza wa Tanga

Nilitafsiri haraka mkuu, mapenzi hayasubiri.

Mwana wa Pangani

Shemeji, pole, ila nakaa upande wa mwenzangu. Huku kwetu ng'ombe tunamjua kwa vitu viwili, supu ya asubuhi na mwalimu wa hesabu. Sote tumepita shule za huku, ukikosa jedwali la saba unasimamishwa mbele ya darasa "ng'ombe wewe" na darasa zima linacheka, kwahiyo hilo neno limeshaingia masikioni na sura yake, huwezi kulitoa siku moja ukaliweka kwenye macho ya mke wa mtu afu ukategemea akushukuru. Pwani mtu akitaka kusifu ana pa kwenda. Kuna macho ya paa, kuna macho ya swala, kuna njiwa wangu, kuna tausi, kuna kiuno cha nyigu kama mtu amejaliwa. Hivyo tumevikuta kwa bibi zetu. Wewe umeruka wanyama wote hao ukaenda moja kwa moja zizini.

Mhangaza wa Tanga

Shem, swali la kweli kabisa bila ugomvi: paa umemuona wapi? Umewahi kumwangalia paa machoni? Mana mimi ng'ombe nimelala naye nyumba moja, najua akikuangalia jioni anarudi malishoni anavyokuwa. Wewe unamsifia mtu kwa mnyama wa kusikia tu.

Na tausi, wenye ule mkia ni madume. Tausi jike ni wa kahawia hivi, hana lolote. Kwahiyo mwanamke akiitwa tausi anasifiwa uzuri wa dume la watu, ila hilo mmelikubali.

Mwana wa Pangani

Saadani ipo hapo hapo shemeji, swala wanashuka mpaka karibu na bahari. Ila haya, sijamwangalia machoni.

Dokta Zizi

Kitaalam mleta mada hajakosea, mimi nashinda na hawa wanyama. Jicho la ng'ombe ni kubwa, lina unyevu muda wote, kope za juu ni ndefu na nyingi kwa sababu ya vumbi na nzi, na mboni yake imelala upande ndo mana anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Kope ndefu, jicho kubwa, jicho lenye maji. Hebu niambieni ni kipi hapo ambacho wanawake hawalipii saluni.

Saluni ya Mtaa wa Pili

Dokta umenigusa kwenye kazi yangu wacha niseme. Mimi nabandika kope. Mteja akija anasema dada niwekee mink. Mink ni mnyama wapendwa, kanyama ka manyoya ka jamii ya kicheche, ingawa mara nyingi tunazobandika ni plastiki. Yani mtu anabandika manyoya ya ndugu yake kicheche kwenye jicho na anatoa hela, ila mwite kicheche uone kama hamjaishia kwa mjumbe. Akimaliza kope anataka wanja wa jicho la paka. Akimaliza wanja anataka ponitela, na ponitela ni mkia wa farasi, amefungwa mkia kichwani anapiga selfi. Afu anavaa gauni la madoa ya chui. Anatoka pale ni mbuga nzima ya Mikumi inatembea, na anataka asifiwe. Sasa mume akimalizia tu sentensi kwa kumtaja ng'ombe ndo kavunja adabu?

Ila mleta mada na wewe, siku ya harusi, mwanamke yupo kwenye kioo, unachotakiwa kusema ni "umependeza".

Mmakunduchi Maskati

Assalaam aleikum. Nyie mnagombania jambo lenye umri mkubwa sana. Mie nipo Oman huku, hebu niwape kisa wanachokisimulia Waarabu.

Palikuwa na mshairi akiitwa Ali bin al-Jahm, karne ya 9, zama za khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas. Wanasema alipoingia mara ya kwanza kumsifu khalifa alikuwa ametoka jangwani, hajui maisha ya mjini wala ya ikulu, akasimama akamwambia khalifa wewe ni kama mbwa kwa kutunza ahadi na ni kama beberu kwa kukabili shida. Mbele ya watu! Waliokuwepo wakataka kumvamia. Khalifa akasema mwacheni, huyu kasifu kwa vile vitu alivyoishi navyo, mbwa ndie aliemlinda na beberu ndie alieongoza kundi lake. Akampa nyumba nzuri Baghdad karibu na mto Tigris, bustani, upepo, watu wanapita darajani. Baada ya muda wakamwita tena asome. Akafungua na macho ya maha baina ya Rusafa, mtaa wa Baghdad, na daraja, shairi ambalo mpaka leo watoto wa shule za Kiarabu wanalijua. Kisa kina chumvi yake bila shaka, lakini kinasimuliwa kwa sababu kinachekesha na kinafundisha mambo ya mjini.

Sasa sikilizeni. Hao maha ndio mnyama anaesifiwa macho kuliko wote katika ushairi wa Kiarabu. Mweupe, pembe ndefu zimenyooka, binamu yake choroa wa huko bara. Huku Oman waliishia kabisa porini mwaka 1972 kwa kuwindwa, wakarudishwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982. Na katika kamusi za Waarabu wa zamani maha anaelezwa kuwa ni ng'ombe wa porini. Ng'ombe, bwana. Hayo macho ya paa mnayojivunia pwani yana jamaa zake huku, na huku mkubwa wao ni ng'ombe mwitu.

Mhangaza wa Tanga

MNAONA!!! Nalikopi hili namtumia sasa hivi.

Mwana wa Pangani

Usimtumie shemeji nakusihi. Mke amenuna unamtumia historia ya Baghdad?

Jirani wa Kondele

Wadau wa TZ salaam kutoka Kisumu. Naona mnasahau kitu moja. Huku kwetu mtu mkubwa akifa watu wanalia jowi, jowi, na jowi ni nyati. Oktoba 2025 Raila alipofariki hiyo kilio kila mtu aliisikia, wazee, vijana wa boda, kila mtu. Hakuna mtu aliuliza kama Baba ametukanwa. Ni heshima ya juu kabisa, mnyama mzima, pembe na kwato. Lakini hebu jaribu kumwambia msichana wa Kisumu ako na kichwa ya nyati alafu uje uniambie umelazwa wodi gani.

Kitu nimeona ni hii: mwanaume anapewa mnyama mzima, mwanamke anapewa vipande. Nyinyi mlikuwa na Kawawa, Simba wa Vita. Waganda Kabaka wao ni Empologoma, simba. Haile Selassie Simba wa Yuda. Mobutu alivaa chui kichwani miaka yote. Hata vijana wetu wa Nairobi wamejiita Team Mafisi, fisi jamani, na wanacheka nayo, wanaona ni sifa ya kuwinda madem. Mwanamke sasa: shingo ya twiga, macho ya paka, kiuno ya nyigu, sauti ya ndege. Spea pati tu. Ukimpa mwanamke mnyama mzima, imekuwa tusi.

Saluni ya Mtaa wa Pili

Hii ya spea pati nimecheka kwa uchungu. Na ni kweli. Macho ya paka poa, "we paka" hapana. Shingo ya twiga vikopa, "twiga huyo anapita" tayari ni utani wa urefu.

Lakini Twiga Stars je? Timu ya taifa ya wanawake, mnyama mzima huyo, na tunaishangilia.

Msafiri Asiyerudi

Jirani wa Kondele hoja yako tamu ila ina tundu. Nenda Eswatini. Mfalme cheo chake ni Ngwenyama, simba. Mama yake mfalme cheo chake rasmi, cha kiserikali, ni Indlovukazi, tembo jike. Sio utani, sio jina la mtaani, ndivyo anavyotajwa kwenye shughuli za dola. Sasa chukua hiyo ulete kwa shangazi yako yeyote hapa Dar mwambie shikamoo tembo jike, uone kama utakula hapo tena. Mwili ule ule, mnyama yule yule. India nako kwenye mashairi ya kale mwanamke mwenye mwendo mzuri anasifiwa anatembea kama tembo, na pale Madurai kuna hekalu kubwa la Meenakshi, mungu wao wa kike mwenye macho ya samaki. Macho ya samaki! Huku kwetu macho ya samaki ni mtu aliyeamka na mning'inio.

Mtumishi wa Jumapili

Bwana asifiwe wapendwa. Nimeona hoja nyingi za dunia wacha niweke za Biblia maana kila mwaka kwenye semina za ndoa naulizwa hili.

Wimbo Ulio Bora sura ya 4. Mwanaume anamsifu mpenzi wake, anamwambia nywele zake ni kundi la mbuzi wanaojilaza mlimani Gileadi, meno yake kundi la kondoo waliokatwa manyoya wametoka kuoshwa, na hakuna aliyepungukiwa na mwenzake, yani hana pengo. Sura ya kwanza ameshamlinganisha na farasi wa magari ya Farao. Na huyo bibi hakununa. Ukiwaza unaelewa, mbuzi weusi wengi wanashuka mteremko kwa mbali ni nywele zinamwagika kweli. Aliyeandika aliona mbuzi kila siku na aliyesomewa aliona mbuzi kila siku.

Lakini Biblia hiyo hiyo, mleta mada ukae vizuri hapa, Amosi sura ya 4 nabii anawaita wanawake wa Samaria "ng'ombe wa Bashani". Na pale sio sifa, anawagombeza maana wanaonea maskini huku wanawaagiza waume zao walete vinywaji. Bashani ilisifika kwa malisho, ng'ombe wake walinona, ndo mana tusi likaingia vizuri. Kwahiyo mtu wa zizini naye anatukana kwa ng'ombe akitaka. Hawezi kujificha nyuma ya kusema kwetu ng'ombe ni sifa.

Mhangaza wa Tanga

Mtumishi umenichoma. Ila Amosi hakutaja macho. Ametaja ng'ombe mzima. Turudi kwa Jirani wa Kondele, kipande ni sifa, mzima ni tusi, mimi nimetaja kipande.

Na hoja yangu kuu inabaki: sifa inategemea unaishi na nani. Mwenye ng'ombe anasifu kwa ng'ombe, mwenye ngamia kwa ngamia. Ukiishi na mnyama unamheshimu.

Mtu wa Amu

Hapo kwenye "ukiishi na mnyama unamheshimu" nakupinga, kaka yangu. Mimi ni wa Lamu. Huku vichochoro vyembamba, punda ndie gari, ndie lori la mchanga, ndie teksi ya bibi mgonjwa. Tumeishi nae toka enzi za mababu, kuna kituo cha kutibu punda tangu 1987, kwenye sherehe kuna mashindano ya mbio za punda na kijana anaeshinda anabebwa mji mzima. Hakuna mtu Afrika Mashariki anaeishi na punda kama sisi. Sasa nitafutie mtu mmoja wa Amu anaemwambia mkewe ana macho ya punda. Na jicho la punda, Dokta Zizi atasema, si baya, kubwa, lina kope. Hata masikio yake kwa kweli yana haiba. Lakini hapana. Punda ni tusi Lamu kama lilivyo tusi Dodoma. Na sauti yake ndo usiseme, tumeisoma kwenye sura ya Luqman kwamba sauti mbaya kuliko zote ni ya punda, na mimi ninaeamshwa nayo kila alfajiri nashuhudia.

Kwahiyo kuishi na mnyama peke yake hakutoshi. Tafuta sababu nyingine.

Dokta Zizi

Jicho la punda ni zuri, nathibitisha. Mtu wa Amu umefunga goli.

chuma_cha_Makorora

Mwanzisha uzi kimyaaa

Mhangaza wa Tanga

Sijakimbia nilikuwa naletewa chai (na mtoto bado).

Nimewaza hii ya punda. Nadhani sababu ni mahari. Serious. Kwetu binti anaolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe huyo huyo anamaliza ugomvi, anafanya undugu, anatolewa zawadi kwa mtu unayemheshimu. Hakuna mtu anaoa kwa punda, punda anabeba mzigo basi. Tanga wanaoa kwa hela, kwahiyo ng'ombe kwao amebaki nyama. Mnyama anayeingia kwenye mahari anaingia kwenye sifa. Mnyama wa mzigo anaingia kwenye matusi. Nipingeni.

Uwa wa Kigali

Mwaramutse, naandika kutoka Kigali, Kiswahili changu ni cha kujifunza mtanisamehe.

Alichosema mwanzisha ni kweli kwa upande wetu. Ng'ombe wa inyambo wana pembe ndefu sana, walikuwa wanatungiwa mashairi yao wenyewe, ng'ombe anasifiwa kwa jina na ukoo wake. Na wasichana wetu wakicheza ngoma wanainua mikono juu imepinda, hizo ni pembe za inyambo. Sio kipande tu, hapo mwili wote unakuwa ng'ombe, na mama yangu mzazi alikuwa analia akiona inachezwa vizuri. Kwahiyo kanuni ya spea pati kwetu haifanyi kazi.

Lakini naomba niseme upande mwingine pia. Nchi hii hii yenye macho ya ndama ndio ilikuwa na redio iliyowaita watu inyenzi, mende, na nyoka, mpaka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi 1994. Gazeti la Kangura liliwahi kuandika kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Wale wa redio ile na gazeti lile walihukumiwa huko kwenu Arusha Desemba 2003. Wanasema ni maneno tu. Nimeona mnacheka na mimi nimecheka sana hapo kwa kope, ila kuna wakati mtu akianza kukuita mnyama hafikirii uzuri wako, anatafuta njia ya kukutoa kwenye watu. Ng'ombe unamchunga. Mende unamfanyia nini?

Sisemi mume amekosea. Macho ya ndama ni sifa nzuri mno na mimi nimeambiwa.

Mtumishi wa Jumapili

Asante dada. Hapo umetutuliza wote.

Kibarua wa Minneapolis

Naungana na dada wa Kigali kutoka upande wa huku. Mimi nikiambiwa na Mswahili mwenzangu nina mbio za duma nacheka. Nikiambiwa na mzungu kazini nasikia kitu kingine, hata kama nia yake nzuri, na wengi huwa nia yao nzuri tu. Kwa sababu huku mtu mweusi na mnyama wana historia. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, Mmbuti, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wanakuja kumtazama. Wachungaji weusi ndio walipiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi kwao tena, alijiua 1916. Na mpirani hamjasahau, Eto'o 2006 pale Zaragoza wanamlilia sauti za nyani mpaka akataka kutoka uwanjani, Dani Alves 2014 Villarreal anarushiwa ndizi, akaimenya akaila akapiga kona.

Kwahiyo mimi kanuni yangu haina mahari wala vipande. Naangalia anayesema anaweza kunifanya nini. Mke wangu akiniita simba, au hata beberu kama alivyofanya yule mshairi wa Baghdad, poa. Mtu mwenye uwezo wa kunifukuza kazi aniite kwa jina langu.

Jirani wa Kondele

Hii ni ya maana buda. Ata pale Nairobi bosi akikuita "simba" mbele ya watu jua kuna overtaimu hailipwi.

Saluni ya Mtaa wa Pili

😂😂😂

Ila nirudi kwa dada wa Kigali, umesema umeambiwa macho ya ndama. Na nani? Na ulijisikiaje? Mana hapa wanaume ndo wanabishana wanyama wote hawa, twiga, tembo, mbuzi wa Gileadi, sijaona wakiuliza mwenye macho.

Uwa wa Kigali

Na bibi yangu 🙂 Nilikuwa mdogo. Nilijisikia vizuri sana.

Kabanga Girl

Mimi nimesoma tangu ukurasa wa kwanza nimevumilia. Mimi pia ni wa Ngara, mleta mada, na nina hayo hayo macho, makubwa, nimeambiwa ya ndama toka sijavunja ungo. Mimi sikuwahi kuipenda hiyo sifa hata mara moja na nitakwambia kwanini, maana kwangu haikusemwa na bibi. Ilisemwa na wazee waliokuja kukaa na baba wanakunywa pombe ya ndizi, mmoja ananigeuza hivi ananiangalia anasema huyu ana macho ya ndama, huyu si chini ya ng'ombe kadhaa, na baba anacheka anaongeza mmoja. Nimeletewa uji niwagawie nasimama pale napigiwa hesabu. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu mnyama anayeingia kwenye mahari ndo anaingia kwenye sifa, umeandika kama jambo zuri, rudia kusoma ulichoandika ukiwa umekaa upande wangu. Mke wako wa Tanga hajui ng'ombe, sawa, ila pua yake imenusa kitu ambacho sisi wenye ng'ombe tumekizoea.

chuma_cha_Makorora

Eeh. Uzi umegeuka.

Mhangaza wa Tanga

Dada yangu, asante kwa mchango. Lakini sifa ya wazee wa pombe na sifa ya mume kwa mkewe ndani ya nyumba yake ni vitu viwili, mimi mahari nilishamaliza, sina hesabu ya kupiga. Hebu kwanza, wewe ni wa Kabanga ipi, ya juu au ya barabarani? Isije ikawa tunafahamiana.

Kabanga Girl

Achana na Kabanga yangu kaka, jibu hoja. Wewe ulipomwona pale kwenye kioo, kabla hujasema ng'ombe, ulikuwa unamwangalia yeye au ulikuwa unakumbuka zizi la baba yako?

Mwana wa Pangani

Shemeji upo?

Mtu wa Amu

Mwacheni afikiri. Huku sisi tunaendelea na punda, nani anasema masikio hayana haiba?